Kabla ya Kuvua Gwanda: Ushauri kwa Afisa wa Majini Anayeutazamia Utumishi wa Umma

Maafisa vijana wa Kamandi ya Wanamaji wanaonijia kuomba ushauri huuliza, mara nyingi, ni mwaka gani kabla ya kustaafu inafaa waanze kutafuta nafasi serikalini. Mimi nilitoka jeshini nikaingia katika taasisi ya umma, na jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu huwaambia kwamba kinachomfanya afisa afae katika ofisi ya raia hujengwa akiwa bado luteni au meja, kwenye masomo na vituo vya kazi ambavyo wenzake huona vinampotezea muda. Barua za maombi za mwaka wa mwisho haziwezi kuziba pengo hilo.

Mfano ninaowapa ni wa Mmarekani, Admirali William Crowe, na nimemchagua kwa sababu kazi yake ya uzeeni ilimfikisha kwenye jambo lililotuumiza sisi wa Dar es Salaam na jirani zetu wa Nairobi.

Crowe alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Kentucky, akakulia Oklahoma, mbali kabisa na bahari, kisha akasoma chuo cha maafisa wa majini cha Annapolis na kuingia katika kikosi cha nyambizi. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1962 aliongoza nyambizi iitwayo Trout. Wakati huo nyambizi za nyuklia ndizo zilizokuwa njia ya kupandia vyeo, na aliyeishika njia hiyo alikuwa Admirali Hyman Rickover, mtu ambaye maafisa wengi waliogopa hata kumjibu. Rickover alimtaka Crowe ajiunge na mpango wake. Crowe alikuwa amekwisha kupata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Princeton, akamkatalia admirali, akaenda darasani, na mwaka 1965 akahitimu. Kwa mizani ya wakati ule alikuwa amejiharibia.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na vijana wangu, kwa kuwa ndipo wengi wanapokwama. Si lazima iwe uzamivu, wala si lazima iwe ng'ambo. Nilipokuwa nasoma utawala wa umma jioni, baada ya zamu, wenzangu waliniita karani, na utani huo ulinifuata hadi nilipostaafu. Lakini siku nilipokabidhiwa idara ya kiraia, ujuzi wa kuongoza chombo baharini haukunisaidia kusoma kitabu cha bajeti, kujua fedha ya kifungu kimoja inahamishwaje kwenda kingine, au kutambua zabuni iliyokiuka Sheria ya Ununuzi wa Umma. Mtu asiyejua mambo hayo hutawaliwa na wasaidizi wake, hata awe amestaafu na cheo gani. Kwa hiyo ombeni ruhusa ya masomo mapema, na mchague somo ambalo jeshi lenyewe halifundishi.

Baada ya masomo, Crowe alipewa vituo ambavyo havikuwa na fahari. Mwaka 1970 alikuwa Vietnam, katika mito ya delta ya Mekong, akiwashauri wanamaji wa Vietnam Kusini badala ya kuamrisha manowari zake mwenyewe. Aliporudi aliwekwa katika ofisi ya mazungumzo kuhusu mustakabali wa visiwa vya Mikronesia katika Bahari ya Pasifiki, vilivyokuwa chini ya usimamizi wa Marekani, kazi ya kukaa meza moja na raia, wanasheria na wajumbe wa visiwa ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kumpigia saluti. Mwaka 1973 alipandishwa daraja la chini la admirali (rear admiral), na alipofika Bahrain mwaka 1976 kuongoza kikosi kidogo cha Marekani katika Ghuba, alikuwa tayari amezoea kushughulika na watawala na mabalozi.

Kwetu nafasi za namna hiyo zipo, ila zinakimbiwa. Vikao vya pamoja na maafisa wa uvuvi, forodha, bandari na uhamiaji huonekana ni adhabu: posho ni ndogo, chai imepoa, na afande hana wa kumwamrisha. Mimi nilivihudhuria kwa kutumwa, kisha kwa kupenda. Nilijifunza kwamba ofisa wa forodha anayepinga hoja yangu hanidharau. Analinda mipaka ya sheria yake, na njia ya kumpata ni kumwonyesha kifungu, si nyota za begani. Ukipewa nafasi ya kuwa mwambata wa kijeshi ubalozini au mjumbe wa kamati ya wizara mbalimbali, ipokee.

Mwaka 1985 Crowe akawa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, wadhifa wa juu kabisa wa kijeshi Marekani, na sheria ya mwaka 1986 ikampa mwenyekiti uzito zaidi kama mshauri mkuu wa rais. Sitaki kumsafisha. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, Vincennes, iliitungua ndege ya abiria ya Iran, watu 290 wakafa, naye siku hiyo hiyo akasimama mbele ya waandishi wa habari na kutoa maelezo kuhusu mwendo wa ndege ile ambayo baadaye yalithibitika kuwa si sahihi. Afisa wa umma atakabiliwa na kipaza sauti kabla taarifa hazijakamilika. Ushauri wangu ni kusema lililothibitishwa tu, na kutaja saa ambayo taarifa nyingine itatolewa.

Alistaafu mwaka 1989, akafundisha Oklahoma, na mwaka 1990 aliliambia Baraza la Seneti kwamba vikwazo dhidi ya Iraki, iliyokuwa imeivamia Kuwait, vipewe muda kabla ya vita. Mwaka 1992 alimuunga mkono hadharani Bill Clinton, aliyekuwa akigombea urais, na mwaka 1994 akawa balozi wake London. Hatua hii ya kumuunga mkono mgombea siwashauri muifuate. Mstaafu ana haki zote za raia, lakini kampeni huacha shaka juu ya kila ushauri aliowahi kuutoa akiwa kazini.

Kisha likaja la 7 Agosti 1998. Mabomu katika balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na Crowe akateuliwa kuongoza bodi za uchunguzi. Taarifa yake ya Januari 1999 inafaa kusomwa na kila anayeandika dokezo serikalini. Haikumtafuta mlinzi wa getini wa kutupiwa lawama. Ilieleza kwamba majengo yote mawili hayakutimiza kiwango cha kukaa futi 100 kutoka barabarani, kiwango kilichotokana na tume ya mwaka 1985 ya admirali mwingine, Bobby Inman, na kwamba serikali nzima kwa miaka mingi ilikuwa imeuweka usalama nyuma ya mambo mengine na kuunyima fedha. Kisha ikataja bei: dola bilioni 1.4 kila mwaka kwa miaka kumi.

Hiyo bei ndiyo ninayowasisitizia. Nimeona mapendekezo mengi yakilala masijala kwa sababu yaliishia kwenye maneno kama "hatua za haraka zichukuliwe", bila kusema ni hatua gani, za nani, kwa shilingi ngapi. Mwaka 1999 Bunge la Marekani liliingiza umbali wa futi 100 katika sheria, na mwaka 2003 balozi mpya zikafunguliwa Msasani, Dar es Salaam, na Gigiri, Nairobi. Kwa hiyo unapoandika dokezo lako la kwanza, weka gharama katika ukurasa wa kwanza, taja cheo cha atakayetekeleza na tarehe ya kukamilisha, na uhakikishe nakala imeingia kwenye jalada kabla hujatoka ofisini.