Kabla ya tuisheni, mpe usingizi

*Shangazi, hujambo? Naishi Umoja, Nairobi, na nina mtoto mmoja wa miaka saba, yuko Gredi ya 2. Ripoti yake ya muhula imesema "kukaribia matarajio" katika kusoma, na mtoto wa jirani wa rika lake amepata "kuzidi matarajio". Basi la shule humchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mimi hutoka kazini Industrial Area nikafika nyumbani saa mbili usiku, ndipo tunafungua vitabu. Hadi saa nne yeye analia, mimi nafoka. Juzi nilimzaba kofi, akaniambia, "Mama, kichwa changu ni kibovu." Tangu hapo sina raha. Baba yake anataka tumtafutie mwalimu wa tuisheni ya jioni. Halafu ana tabia ya kubandika kitabu usoni kama anayekinusa. Nishauri.*

Mwanangu, pole. Tuanze na kofi, maana najua ndilo lililokufanya uandike. Mwombe mtoto msamaha. Kwetu mzazi kumwomba mtoto radhi ni kioja, lakini keti naye kitandani umwambie ulikosea, ulikuwa umechoka, na kichwa chake ni kizima. Asipolisikia hilo kutoka kwako atajibu mwenyewe, na jibu lake umeshalisikia.

Sasa tupige hesabu. Basi linafika saa kumi na moja na nusu, kwa hivyo anaamshwa saa kumi na moja, au mapema zaidi. Amelala saa nne. Hizo ni saa saba. Mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa 9 na 12 kila usiku. Kila siku anaingia darasani na deni la usingizi, na baba yake anataka kumwongezea masomo jioni! Hapo mtakuwa mnatia maji kwenye pakacha.

Hukusema nani hukaa naye jioni. Kama ni dada wa kazi, mkabidhi jambo moja tu: kazi ya shule iishe kabla ya giza, mtoto akiisha kula na kucheza kidogo. Iishe hata ikiwa na makosa. Wewe ukiyafuta makosa yote usiku, mwalimu atajuaje mtoto anakwama wapi? Ukifika saa mbili umkute ameoga na amekula. Saa mbili na nusu taa izimwe. Bado saa za usingizi zitapungua kidogo, kwa hivyo Jumamosi mwache alale mpaka aamke mwenyewe. Muulize pia dereva wa basi kama mwanao lazima awe wa kwanza kuchukuliwa. Wakati mwingine ni mazoea tu.

Hiyo nusu saa yenu, dakika kumi ziwe za kusoma. Asome yeye, usikilize wewe, simu ikiwa mbali. Na ufanye hivi: akisoma ukurasa mbio mbio kama maji, funika picha kwa kiganja chako, umwombe arudie. Wengi hukwama papo hapo, kwa sababu walikuwa wakiisoma picha, au wamekariri sauti ya mwalimu. Usikasirike. Umeshajua pa kuanzia. Shika neno moja, tuseme "ng'ombe", mpasulie silabi kwa kidole, ng'o-mbe, kisha aliunge mwenyewe.

Tumia Kiswahili, hata kama shule yake imekazana na Kiingereza. Kiswahili husomwa kilivyoandikwa, na mtoto akishashika siri ya herufi na sauti katika lugha anayoongea, anaihamisha hadi ile nyingine. Vitabu visikutoe jasho. Kuna maktaba za kaunti Kaloleni na Makadara, si mbali nanyi. Mpeleke Jumamosi akiamka, achague mwenyewe, hata akichagua cha watoto wadogo.

Ripoti isikutishe. "Kukaribia" ni ngazi ya tatu kutoka juu kati ya nne, na hakuna mahali imeandikwa kwamba ameanguka. Mtoto wa jirani mwachie mama yake. Nenda kwa mwalimu wa darasa na swali moja: anakwama kwenye herufi, kwenye kuunga silabi, au anasoma vizuri bila kuelewa? Mwalimu anayemjua mtoto atakujibu hapo hapo mlangoni.

Halafu lile jambo ulilolidondosha mwishoni kama mzaha. Mtoto anayebandika kitabu usoni huenda haoni vizuri. Muulize mwalimu anakaa dawati la ngapi, na kama hukodoa macho akitazama ubao. Kisha mwambie baba yake pesa za tuisheni za mwezi huu mzipeleke kwenye kliniki ya macho, na aende naye yeye mwenyewe.