Onyesha mikono kwanza

Swali lenu la wiki liliuliza maktaba za jamii zinawasaidiaje watoto wa familia za kipato kidogo. Nimelisoma nikiwa nachemsha ming'oko, ikabaki kidogo iungue. Mnisamehe, nitajibu swali lingine: mtoto huyo anaingiaje mlangoni?

Nakaa Mtwara mjini, ila mimi ni mtu wa Newala, kule juu uwandani ambako shida si chakula, ni maji. Mwaka 1992 nilikuwa darasa la tano. Kando ya ofisi ya kijiji kulikuwa na chumba cha vitabu, masalia ya enzi za kisomo. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni ikashika kasi, na vitabu vikapelekwa vijijini ili waliojua kusoma ukubwani wasije wakasahau. Hadi nakua mimi, wanakisomo wenyewe walishachoka macho. Wenye hamu tulikuwa watoto. Kulikuwa na ukulima bora wa mihogo, ufugaji wa kuku, malezi ya mtoto mchanga, na hadithi chache zilizopoteza majalada.

Ufunguo alikuwa nao babu mmoja, mwalimu mstaafu. Sharti lake lilikuwa moja: onyesha mikono. Viganja juu, haya, geuza.

Sasa huo ulikuwa Oktoba, msimu wa korosho. Aliyewahi kubangua nyumbani anajua. Unazikaanga kwenye kipande cha debe kilichotobolewa matundu, mafuta ya ganda yanashika moto, moshi unakereketa koo, unazimwagia mchanga, halafu unagonga moja moja. Mafuta yale yakikupata vidoleni, ngozi inageuka nyeusi, na baada ya siku kadhaa inabambuka. Sabuni haitoi. Majivu hayatoi. Mama alikuwa akiuza korosho za kukaanga stendi, na mbanguaji wake nilikuwa mimi.

"Kanawe, mjukuu wangu," babu akaniambia.

Nikamwambia nimenawa.

"Kanawe tena."

Nikarudi nyumbani. Ndoo iliyokuwepo mama alikuwa ameiteremkia bondeni alfajiri na kupanda nayo kichwani. Nikachota kata nzima, nikasugua kwa mchanga hadi nikajichubua. Kilichonipata mama alipoona ndoo imepungua hakina haja ya kuandikwa hapa. Nikarudi maktaba. Babu akavishika viganja vyangu, akavisogeza kwenye mwanga kama mtu asomaye barua yenye mwandiko mbaya. "Bado."

Nyuma yangu akaja mtoto wa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Mikono safi, akapita. Nikakaa barazani, nikamsikia anasoma hadithi kwa sauti. Akafika penye neno "ghadhabu", akasoma "ghabadhu". Akarudia, "ghabadhu". Nikashindwa kuvumilia, nikalitamka sawasawa kutoka nje. Kimya. Kisha dirisha likafunguliwa, babu akamwambia yule mtoto akishike kitabu pale dirishani. Msimu wote ule nilisoma hivyo: mimi nimesimama nje mikono nyuma, mwenzangu ndani ananifunulia kurasa, nasoma kwa sauti naye anasikiliza.

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kama kisa cha kudhalilishwa, na nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia kwamba maktaba za namna ile huwasaidia wenye vidole safi tu. Lakini nimekumbuka jambo moja. Mama alikuwa akifungia korosho zake kwenye karatasi, na karatasi zile zilikuwa kurasa za vitabu vya shule. Nilikuwa nazisoma kabla hajazikunja: nusu ya jiografia, robo ya hesabu za sehemu. Shuleni hakukuwa na wa kukagua mikono, kabati halikuwa na kufuli, na vitabu viliishia stendi. Vya babu vilikuwa vimekaa miaka karibu ishirini na bado vinasomeka. Kwa hiyo sijui tena nimlaumu kwa lipi. Kuhusu yale maji lakini, namlaumu.

Jibu langu basi, fungueni maktaba, hata ya chumba kimoja. Ada imeondolewa tangu 2016, lakini mtoto bado hana meza wala taa, na nyumbani wako saba chumba kimoja. Maktaba ya mkoa tunayo mjini, ila si ya kutembea kwa miguu kutoka Tandahimba. Msiifungue saa tisa alasiri, saa ambayo wasichana wako njiani na ndoo. Fungueni jioni, hasa Novemba, maana mtihani wa kidato cha nne unakuja watu wakiwa katikati ya kuokota korosho. Na wafadhili wapunguze maboksi ya vitabu vinene vya Kiingereza kuhusu theluji. Mtoto aliyesoma msingi yote kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, ambako masomo ni kwa Kiingereza, anahitaji kamusi, vitabu vya kiada na mitihani iliyopita. Hadithi pia, za Kiswahili, hata zisizo na majalada.

Kuhusu kukagua mikono nilitaka kusema ipigwe marufuku. Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe nina rafu ya vitabu barazani, kama thelathini hivi, na watoto wa mtaani huja kuazima. Jumamosi alikuja binti wa jirani, ambaye mama yake anabangua. Kabla sijajua ninasema nini, nilishamwambia, "Hebu mikono."

Akainyoosha. Myeusi hadi kwenye kucha. Nikampa kitabu, ila nilichagua kile ambacho jalada lake lilishatoka.