Maswali ya Wasomaji: Leseni ya Programu ya Kufuatilia Seva Huhesabu Nini?

Barua zilizotufikia kuhusu programu za kufuatilia seva za Windows zimekuwa nyingi kiasi cha kutosha kujaza ukurasa huu peke yake. Nyingi zinahusu leseni, na nadhani sababu ni kwamba watu husoma bei kwanza na masharti baadaye, wakati mwingine baada ya programu kusimama. Zinazofanana nimeziunganisha, na zilizobaki nazijibu kwa mfuatano zilivyopokewa.

SWALI: Ninasimamia mtandao wenye seva 4 za Windows, swichi 6 zenye matundu 24 kila moja, na ruta 2. Tulinunua leseni ya vihisi 100 tukiamini kwamba vifaa 12 haviwezi kufikisha idadi hiyo. Siku ya kwanza tu, baada ya kuiruhusu programu itafute vifaa yenyewe, ilitangaza kwamba leseni imejaa na kwamba vihisi vilivyozidi vimesimamishwa. Je, muuzaji alitudanganya?

JIBU: Sidhani kwamba mlidanganywa, ndugu msomaji, ingawa muuzaji mwungwana angewaeleza jambo hili kabla ya kupokea fedha zenu. Mlichonunua ni idadi ya vipimo, wala si idadi ya vifaa. Katika programu zinazohesabu vihisi, kama vile PRTG, kihisi kimoja hupima jambo moja: nafasi iliyobaki katika diski moja ni kihisi, matumizi ya kichakataji ni kihisi kingine, na data inayopita katika tundu moja la swichi ni kihisi cha tatu. Programu ikiachiwa itafute vifaa yenyewe, huweza kuweka kihisi katika kila tundu inaloliona. Swichi zenu 6 zina matundu 144, kwa hiyo leseni yenu ilikwisha kabla ya seva hata moja kuangaliwa.

Dawa si kununua leseni kubwa zaidi. Futeni vihisi vyote vilivyojiunda, kisha mwanze kwa kuandika kwenye karatasi mambo ambayo, yakiharibika, mtu atapiga simu kulalamika. Kwa kila seva mnaweza kuangalia kama inajibu mtandaoni, kichakataji, kumbukumbu, diski 2, kadi ya mtandao, huduma 3 muhimu, matukio ya hitilafu yanayoandikwa na Windows, muda uliopita tangu seva iwashwe, na kama nakala rudufu ya usiku ilikamilika. Hivyo ni vihisi 12, na kwa seva 4 ni 48. Kwa kila swichi, angalieni kama ipo hai pamoja na matundu 2 tu yanayoiunganisha na swichi nyingine au na seva, maana tundu linalokwenda kwenye kompyuta ya mezani huzimika kila jioni mwenye meza anapoondoka, na taarifa hiyo haimfai mtu yeyote. Swichi zote zitachukua vihisi 18. Ruta, kwa vihisi 4 kila moja, zitachukua 8. Jumla ni 74, nanyi mtabaki na akiba ya 26.

Kwa kuwa mmefika hapo, tazameni pia muda kati ya kipimo na kipimo. Vihisi 74 vikipima kila dakika huandika vipimo 106,560 kwa siku katika hifadhidata, ilhali vikipima kila baada ya dakika 5 huandika 21,312. Huduma inayotumiwa na watu wengi inastahili kuangaliwa kila dakika. Nafasi ya diski haibadiliki kwa kasi hiyo, na robo saa inaitosha.

Wasomaji wengine walioandika kuhusu jambo hili hili wafahamu kwamba si kila mtengenezaji huhesabu vihisi. Wapo wanaohesabu vifaa, kila kimoja kwa leseni moja hata kikiwa na vipimo 50. Wapo wanaohesabu vifaa, violesura (yaani sehemu ambapo kifaa huungana na mtandao) na diski kila kundi peke yake, na kundi lenye idadi kubwa ndilo linaloamua daraja la leseni. Wapo pia wanaouza leseni kwa kila kompyuta ambamo programu ya ufuatiliaji imesakinishwa, bila kujali inaangalia seva ngapi. Mwenye seva chache zenye huduma nyingi hunufaika na hesabu ya vifaa, na mwenye vifaa vingi asivyohitaji kuvipima kwa undani hunufaika na hesabu ya vihisi. Kwa hiyo bei mbili zilizoandikwa kwenye matangazo haziwezi kulinganishwa mpaka kwanza umehesabu vitu vyako mwenyewe kwa kila mojawapo ya njia hizo.

SWALI: Sisi ni kampuni ya biashara. Tumesikia kwamba programu za ufuatiliaji za Nagios na Zabbix hazilipiwi. Je, tunaruhusiwa kuzitumia kazini bila kuvunja sheria, na zinaweza kusakinishwa kwenye Windows?

JIBU: Mnaruhusiwa. Hizi ni programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuutumia na kuubadilisha, na leseni zake hazibagui kati ya matumizi ya nyumbani na ya biashara. Nagios ilianza mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, na Nagios Core, toleo lake la huria, hutolewa kwa GPL, mojawapo ya leseni za programu huria. Zabbix ilitolewa kwa umma mwaka 2001, ikawa chini ya GPL kwa miaka mingi, kisha kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2024 ikahamia kwenye AGPL. Kwa anayeitumia ilivyo, badiliko hilo halimwongezei mzigo wowote. Linamhusu yule anayebadilisha msimbo wake na kisha kuwaruhusu watu wengine waitumie kupitia mtandao, kwa maana anatakiwa awape watumiaji hao msimbo alioubadilisha.

Msichanganye programu huria na zile zilizoandikwa kwamba ni bure kwa matumizi binafsi. Hizo za pili zina mwenyewe aliyehifadhi haki zote, na kuiweka katika kompyuta moja ya ofisi, hata kwa wiki moja, ni kukiuka masharti yake. Nimekutana na ofisi kadhaa zilizoingia katika kosa hili kwa nia njema kabisa, kwa sababu fundi aliizoea programu nyumbani kwake akaja nayo kazini.

Kuhusu Windows, jibu lina pande mbili. Sehemu kuu ya Zabbix na ya Nagios Core, ile inayokusanya vipimo na kutoa tahadhari, huendeshwa kwenye Linux na mifumo ya jamii yake. Kwenye seva zenu za Windows mtasakinisha wakala, yaani programu ndogo inayojibu maswali ya sehemu kuu. Wakala wa Zabbix husikiliza katika mlango namba 10050, mlango hapa ukiwa namba inayotambulisha njia ya mawasiliano ndani ya kompyuta. Kama hamna kompyuta ya kutenga kwa ajili ya Linux, mnaweza kuunda kompyuta pepe, yaani inayoigizwa na programu, ndani ya Hyper-V ya Windows. Iwekeni, hata hivyo, mbali na seva ile mnayoitegemea zaidi, kwa sababu seva hiyo ikizimika itazimika pamoja na mlinzi wake. Na ikiwa hakuna kati yenu anayeifahamu Linux, ingizeni muda wa kujifunza katika hesabu zenu kabla hamjaamua kwamba programu huria haitawagharimu chochote.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, muda wa majaribio wa siku 30 umetuishia. Mwenzangu anasema tuisakinishe upya katika kompyuta pepe kila mwezi, na mwingine ameleta ufunguo wa leseni alioupata mtandaoni. Tufuate ushauri upi?

JIBU: Msifuate hata mmoja. Njia ya kwanza inavunja mkataba mlioukubali wakati wa kusakinisha, tena kila mwezi itawapotezea historia yote ya vipimo, ambayo ndiyo inayowaonyesha kwamba diski inajaa pole pole au kwamba kumbukumbu inapungua kila Jumatatu.

Njia ya pili ni ya hatari kubwa zaidi, na nawaomba mnisikilize kwa makini. Programu ya ufuatiliaji hutunza majina na nywila za kuingilia katika kila seva inayoiangalia. Anayeimiliki amemiliki mtandao mzima. Mwezi Desemba mwaka 2020 ilibainika kwamba wavamizi waliingiza msimbo wa siri ndani ya masasisho halali ya Orion, programu ya ufuatiliaji ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, na wateja wapatao 18,000 waliyapokea masasisho hayo kabla ya jambo kugunduliwa. Hao walikuwa wamelipia leseni zao na kuipakua programu kwa mwenyewe. Sasa fikirini programu iliyofunguliwa na mtu asiyejulikana, akaisambaza bila kudai chochote, nanyi mkaisakinisha na kuikabidhi nywila ya msimamizi mkuu.

Hata mkiwa na leseni halali, msiipe programu hiyo nywila ya msimamizi mkuu ikiwa kazi yake ni kusoma tu. Undeni akaunti maalumu isiyotumiwa na mtu yeyote, kisha muiweke katika makundi yaliyomo ndani ya Windows ya Performance Monitor Users, Event Log Readers na Distributed COM Users, na muiruhusu kusoma WMI, njia ambayo Windows hutolea taarifa za hali yake. Kwa kazi nyingi za upimaji hilo linatosha. Ruta na swichi zinazopimwa kwa SNMP, itifaki ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao, nazo zihamishiwe kwenye toleo la 3 la itifaki hiyo, lenye uthibitisho na usimbaji fiche, kwa sababu matoleo ya 1 na 2c hupitisha neno la siri likiwa wazi, na vifaa vingi viliachwa na neno lile lile la kiwandani, public.

Kama bajeti hairuhusu leseni yoyote, tumieni Performance Monitor na Event Viewer ambazo zimo tayari katika Windows. Hazitoi picha ya mtandao mzima, lakini zinaweza kurekodi vipimo na kuanzisha kazi fulani tukio linapotokea. Tukio namba 6008, kwa mfano, huandikwa seva inapowaka baada ya kuzimika bila kutarajiwa, na linafaa kuwa la kwanza kufuatiliwa.

SWALI: Programu yetu inasema seva imekufa, ilhali watu wanaendelea kuitumia. Tatizo ni nini?

JIBU: Mara nyingi ni faiawoli ya Windows, ambayo huweza kuzuia ping, yaani ombi fupi la kuuliza kama kompyuta inajibu, huku ikiruhusu huduma nyingine. Ruhusuni maombi ya ping kutoka kwenye anwani ya kompyuta ya ufuatiliaji pekee. Kama mnapima kwa WMI, mjue kwamba mawasiliano huanzia mlango 135 na kuhamia mlango wowote kati ya 49152 na 65535, kwa hiyo kufungua 135 peke yake hakutoshi.

Mimi huhofia zaidi hali iliyo kinyume cha hiyo. Seva huweza kujibu ping vizuri kabisa huku huduma iliyomo ndani yake imekwama, kwa kuwa ping hujibiwa na mfumo endeshi, wala haihitaji huduma yoyote iwe hai. Wekeni kihisi kinachofungua ukurasa wenyewe na kutafuta neno linalotakiwa kuwemo.

SWALI: Kompyuta iliyobeba programu ya ufuatiliaji imezeeka nasi tunataka kuihamishia kwenye nyingine. Je, leseni itahama nayo? Na ni nani anayemwangalia mwangalizi?

JIBU: Programu nyingi za kulipia hufunga ufunguo wa leseni kwenye kompyuta moja kwa kusoma alama za vifaa vyake. Zimeni leseni katika kompyuta ya zamani ingali inawaka, ndipo muiamilishe katika mpya. Kompyuta ikifa kwanza, mtalazimika kumwandikia mtengenezaji na kusubiri majibu huku mtandao ukiwa hauna mlinzi. Someni pia kama leseni yenu ni ya kudumu au ya kulipia kila mwaka: ya kudumu huendelea kufanya kazi hata mkiacha kulipia matengenezo, ila hamtapata matoleo mapya, na ya mwaka huweza kusimama siku ile ile inapoisha. Tarehe hiyo iandikwe mahali wanapoiona watu wawili au zaidi.

Katika kompyuta mpya, hakikisheni kwamba programu inaendeshwa kama huduma ya Windows, ili ianze yenyewe kompyuta inapowashwa bila kumsubiri mtu aingie kwa nywila yake, na mzime kabisa hali ya kulala. Msiiweke kwenye Windows 10 ya kawaida, kwa kuwa muda wake wa msaada ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Ama swali lenu la pili, nimelifurahia, kwa sababu wachache hulifikiria. Chukueni kompyuta nyingine yoyote, hata dhaifu, iwe na kazi moja tu ya kuangalia kama ile ya kwanza inajibu. Kisha chunguzeni njia inayopitiwa na tahadhari. Ofisi moja niliyoisaidia ilikuwa ikituma tahadhari zake zote kwa barua pepe kupitia seva ile ile ya barua iliyokuwa ikifuatiliwa, na iliposimama usiku, tahadhari zote zilikaa kwenye foleni mpaka asubuhi ilipofufuliwa, zikaingia kwa pamoja. Tumieni modemu ya simu yenye laini yake, inayotuma ujumbe mfupi bila kuhitaji intaneti. Mkishaifunga, chomoeni waya wa intaneti mchana mmoja mliokubaliana, na mhesabu dakika zinazopita mpaka simu ya mtu wa zamu ipokee ujumbe.