Kwa nini mama anawaambia wageni asichoniambia mimi?

SWALI: Mama yangu ana saratani ya matiti iliyosambaa hadi kwenye mifupa na ini, na madaktari wametueleza kwamba matibabu anayopata sasa ni ya kumtuliza maumivu, si ya kumponya. Nyumbani hataki kabisa kuzungumzia kifo. Juzi nilipokuwa nimeshika simu yake niligundua kwamba kila usiku huandika katika kundi la wagonjwa wenzake mtandaoni, na humo ameeleza hofu zake zote, hata namna anavyotaka kuzikwa. Nimemkosea nini hata awaamini watu asiowajua kuliko mimi niliyetoka tumboni mwake?

JIBU: Pole sana, binti yangu, kwa kuuguza na kwa uchungu huu wa pili. Sioni kwamba umemkosea mama yako, wala siamini kwamba anawapenda watu wale kuliko wewe. Akikuambia wewe kwamba anaogopa kufa, itambidi akutazame ukilia kisha akubembeleze, na nguvu za kukubembeleza hana tena. Kule kundini hadaiwi hilo. Anaandika saa tisa za usiku, kichefuchefu kimemnyima usingizi na kila anachoonja kina ladha ya chuma, naye mtu mwingine aliyekesha kwa sababu hiyo hiyo humjibu kwamba hata maji yamemshinda, anayanywa kijiko kimoja kimoja. Hilo wewe huwezi kumpa, hata ungempenda vipi, kwa kuwa halijakupata.

Daktari Cicely Saunders, ambaye mwaka 1967 alifungua kituo cha St Christopher's jijini London ili kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako mwilini peke yake, bali yamo pia moyoni, katika uhusiano wake na watu na katika imani yake. Mofini, ile dawa kali ya maumivu, hutuliza mwili, lakini haimwondolei mtu upweke wa kuwa yeye pekee, katika nyumba nzima, anayejua kwamba anaondoka. Nadhani upweke huo ndio anaoupeleka kundini.

Kwa hiyo usimzuie, ila usiendelee kusoma kwa siri. Mwambie: “Mama, niliona uliyoandika. Ukipenda kuniambia na mimi, nitakusikiliza, na nikilia uniache nilie.” Akikataa, usimlazimishe, huenda akarudi mwenyewe siku nyingine. Suala la mazishi tu ndilo ningekusihi umwulize waziwazi angali na nguvu, kwa sababu watakaomzika ni ninyi.

Kuna jambo ambalo wauguzaji wengi hawalioni. Katika kundi la namna hiyo watu hufa, na mama yako huenda akaamka asubuhi akakuta kwamba aliyekuwa akimjibu usiku hayupo tena, kisha akashinda na msiba ambao hapo nyumbani hakuna anayeujua. Ukimwona amenyong'onyea pasipo sababu, mwulize kama amefiwa na mwenzake, na umpe pole kama ambavyo ungempa aliyefiwa na jirani. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mlango wa mazungumzo yenu unapoweza kufunguka.

Uingilie kati bila kuona haya pale tu mtu anapomwuzia dawa ya kuponya kila kitu, anapomwomba fedha, au anapomshauri aache dawa alizoandikiwa. Hayo yapelekeni kwa daktari wake na kwa wasimamizi wa kundi.

Hatimaye mwulize angependa nani awaarifu wenzake siku atakaposhindwa kuandika. Kama anatumia Facebook, tangu mwaka 2015 mtandao huo unamruhusu mwenye akaunti kuteua mtu wa kuisimamia baada ya kifo chake, na huenda akakuteua wewe. Wale watu nao watakuwa wamefiwa. Wakikuandikia kukusimulia mama waliyemfahamu wao, si lazima uwajibu siku hiyo. Uwajibu utakapokuwa tayari, hata ikiwa ni baada ya miezi.