Nina wiki 34 na sijanunua hata soksi

*Shangazi, shikamoo. Naishi Nzuguni hapa Dodoma, nina miaka 26 na hii ni mimba yangu ya kwanza. Nimeingia wiki ya 34, tarehe ya matazamio ni mwanzoni mwa Desemba. Kila nikitoka kliniki narudi nyumbani nalia. Pale benchini wenzangu wanasimuliana: huyu kanunua kitanda cha mtoto chenye neti, yule kaandaliwa sherehe na mashoga zake. Wakimaliza manunuzi wanahamia kwenye ya kutisha, nani kapasuliwa, nani mtoto wake kajinyonga na kitovu. Mimi sina hata soksi. Mama mkwe wangu yuko kijijini, Kondoa, na amekataza nguo zisinunuliwe kabla mtoto hajazaliwa, eti ni mkosi. Tena anataka nikajifungulie kwake, mjukuu wa kwanza azaliwe kwao. Mume wangu ni fundi umeme kwenye kampuni, anashinda Mtumba. Nikimuuliza anajibu "mama anajua". Bosi wangu naye (nauza duka la vifaa vya ofisi, mwaka wa tatu sasa) anasema nikienda likizo mshahara unasimama. Usiku silali, kiungulia kinanichoma, miguu imevimba, na nakula udongo kwa siri. Halafu altrasaundi imesema ni binti. Ninunue beseni la pinki, au hizo mashine huwa zinakosea? Mama Kijacho, Nzuguni.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ina watu wengi: mama mkwe, mume, bosi na benchi zima la kliniki. Mtoto mwenyewe nimemtafuta nikamkuta mwishoni kabisa, kwenye beseni.

Benchi hilo nalijua. Kadi mkononi, chupa ya maji kwapani, mnasogea tako moja moja kuelekea kwenye mizani, na vumbi la Oktoba linaingia hata dirisha likifungwa. Saa tatu mnakaa hapo hamna la kufanya ila kuongea. Sasa nikuambie nilichojifunza kwenye benchi hilo kwa mimba nne: anayetaja kitanda na anayesimulia waliopasuliwa wana ugonjwa mmoja. Wote wanaogopa. Mmoja hofu yake kaipeleka dukani, mwingine kaitoa kwa mdomo ili msaidiane kuibeba. Siku mkibaki wawili, muulize huyo wa kitanda kama yeye usiku analala.

Ya kitovu kuzunguka shingo yasikukoseshe usingizi. Watoto wengi tu huzaliwa kimewazunguka, mkunga anakitelezesha kichwani kama anavua mkufu, kazi inaendelea. Hakiletwi na mama kuvaa skafu wala kupita chini ya kamba ya kuanikia nguo. Vilevile ukikaa mlangoni mtoto hatakwama mlangoni, na mayai kula mwanangu, hayaleti upara. Upara unaletwa na ukoo.

Sasa nikupe kisa changu. Mwaka 1994 nilikuwa Chang'ombe, na mtaa mzima hakuna mjamzito aliyejiandaa kama mimi. Nguo za mtoto nilizifua, nikazipiga pasi ya mkaa, nikazipanga kwenye sanduku la bati na kulitia kufuli, maana nyumba ya kupanga ina mikono mingi. Uchungu ukanikamata saa tisa usiku. Mume wangu alikuwa amekwenda Kibaigwa kufuata mahindi, na ufunguo wa sanduku umo mfukoni mwake. Aliyeniokoa ni jirani yangu, mama muuza maandazi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameamka akande unga. Nilipelekwa hospitali kwa baiskeli ya mwanawe, mimi nyuma kwenye keria, yeye anakimbia pembeni kanishika bega, mikono yote ina unga. Mwanangu wa kwanza akafungwa kwenye kanga ya yule mama, inanukia mafuta ya maandazi, siku mbili nzima. Leo ana watoto wake wawili na hajawahi kunidai zile nguo za sandukuni.

Kwa hiyo ukiniambia huna soksi, sishtuki. Ninachotaka kujua, na hukukiandika, ni nani utamgongea mlango saa tisa usiku.

Mtafute huyo kwanza. Awe jirani wa karibu, mtu mzima, asiye mwoga wa damu wala wa giza. Halafu kapu la mtoto likae kwake. Hapo utakuwa umemaliza mambo mawili kwa mpigo. Usiku ule mbebaji na mzigo watatoka nyumba moja, na mama mkwe akikuuliza kama umeweka nguo za mtoto ndani, utamjibu kwa moyo mweupe kwamba hamna. Usimcheke kwa mkosi wake. Mama wa umri wake amezika watoto, au amewaona dada zake wakizika, na kununua nguo za mtu ambaye bado hujamwona kwao ilikuwa kama kumtangulia Mungu. Heshima hiyo mpe, haikugharimu kitu.

Kapu lenyewe si kubwa. Doti mbili tatu za kanga zilizofuliwa zikakaukia juani, pedi, nepi za kitambaa, nguo nne za mtoto, kofia, hizo soksi zako na shuka zito kidogo, maana mvua za Desemba zikianza, alfajiri ya Dodoma inakuwa na baridi yake. Nguo za mtoto za mtumba pale Sabasaba ni laini kuliko mpya, zimeshafuliwa mara nyingi na watoto wa watu. Nunua, fua tena, piga pasi. (Mtumba wa marobota nasema, si Mtumba anakoshinda mumeo.) Glovu, pamba, kibanio cha kitovu na plastiki ya kutandika, muulize nesi wako ujue kituo chako kinakutaka uje na nini. Kisera huduma ya mama mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini jibu hilo lipate mchana, usilisubiri mlangoni leba. Kadi ya kliniki iwe juu ya vyote. Kitanda cha neti waachie wenye nafasi. Mtoto wa siku tatu analala ubavuni kwa mama, chini ya chandarua hichohicho cha mama.

Tuje Kondoa. Hapa sitapindisha maneno: usiende. Mimba ya kwanza hakuna anayejua itakavyokwenda, si mimi, si mama mkwe, si daktari. Dodoma hapa una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na ya Benjamin Mkapa, kuna chumba cha upasuaji na kuna damu. Kondoa mjini lami inafika, ni zaidi ya kilomita 150, lakini umeandika kijijini. Kutoka mjini kwenda huko utapanda nini, pikipiki? Na kama ni usiku, mvua imenyesha, korongo limejaa?

Lakini "siji" ni neno baya kwa mkwe, kwa hiyo usilitamke. Geuza safari, yeye ndiye aje. Mwalike kama mgeni wa heshima, aje wiki mbili kabla, ndiye atakayemwogesha mjukuu kwa mara ya kwanza na kukupikia uji. Arobaini ikipita mtampeleka mtoto Kondoa, ukoo umwone, wampe na jina kama wanalo. Na maneno haya aseme mwanawe, si wewe. Mkwe akikataa anaitwa jeuri. Mwana akimwambia "mama, tunakuhitaji huku", mama anafunga mzigo.

Akija na chupa au mizizi ya kuongeza uchungu, pokea kwa mikono miwili, shukuru, usinywe. Hapo sina utani. Dawa hizo hukaza kizazi kuliko kinavyoweza kuhimili, mtoto anakosa hewa, na kizazi chenyewe kinaweza kuchanika. Mtoto akishazaliwa, joto la hapa litawafanya wote waseme ana kiu, apewe maji kijiko kimoja tu. Hapana. Maziwa yako yana maji yote anayoyahitaji mpaka atimize miezi 6. Kitovu kiacheni kikavu, kisipakwe chochote cha kienyeji.

Huyo baba kijacho wako anayesema "mama anajua", mimi namwona kama fundi aliyekutana na waya asiojua unakotoka: haushiki. Basi mwonyeshe unakotoka. Kliniki inayofuata mwende wote, umwombe nesi aeleze mbele yake kwa nini wa kwanza azaliwe karibu na hospitali. Akitoka hapo mpe kazi za kifundi. Apate namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala na simu imewashwa, si mmoja. Atafute ndugu wawili walio tayari kuchangia damu ikihitajika. Ajaze pipa na madumu tangu katikati ya Novemba, mgao wa maji unaujua, na nyumba yenye mzazi inafua kutwa. Aweke kwenye simu yake namba 115 ya M-Mama, ni bure, ya usafiri wa dharura kwa mjamzito na kichanga. Na aombe ruhusa kazini mapema: sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa baba siku 3 zenye malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache, najua, lakini ni zake.

Sheria hiyohiyo ndiyo ya kumjibu bosi wako. Wewe una siku 84 za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, wakija pacha ni 100, na unaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya matazamio. Mwandikie barua, ambatisha nakala ya kadi, baki na nakala yenye sahihi yake ya kupokea. Taarifa inatakiwa itolewe miezi 3 kabla, kwa hiyo hapo umechelewa, andika kesho. Akikaza shingo, ofisi ya kazi ya mkoa ipo.

Mwili wako sasa. Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama dukani kutwa ni kawaida, inyanyue juu ya mto. Ila ukiamka asubuhi uso na vidole vimevimba, au kichwa kinauma kisiache, au macho yanaona vimulimuli, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe presha. Kifafa cha mimba hakisubiri siku ya kliniki. Damu ikitoka, nenda. Chupa ikivunjika, nenda hata kama huna uchungu, na maji yakiwa ya kijani kimbia. Mtoto akipunguza kucheza kuliko ulivyomzoea, usingoje kesho wala usiulize benchi. Tumbo kukaza na kuachia bila mpango wiki hizi ni mazoezi tu. Uchungu wenyewe unakuja kwa zamu, unasogeleana, hauachi hata ukitembea.

Kiungulia hakimaanishi mtoto ana nywele nyingi. Kula kidogo kidogo, usile ukalala hapohapo, na lala kwa ubavu, wa kushoto ni bora, mto katikati ya magoti. Udongo nao nauelewa, hasa ukinyunyiziwa maji ukatoa ile harufu ya mvua ya kwanza. Lakini unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na mwingine una mayai ya minyoo. Mara nyingi hamu yenyewe ni dalili ya damu pungufu, kwa hiyo mwambie nesi bila aibu akupime wingi wa damu. Vidonge vyako vya kuongeza damu meza kwa maji au juisi ya chungwa, usimeze na chai. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni hivyo vidonge. Hamu ikikushika tafuna karanga au ubuyu, Dodoma hatujakosa.

Na beseni. Mashine inakosea mara chache, lakini inakosea. Mtoto wa dada yangu aliitwa Neema miezi mitatu akiwa tumboni, sasa anaitwa Baraka. Nunua la plastiki gumu, pana, kitako bapa lisiyumbe juu ya meza, usipite Majengo Jumamosi maana bei inapanda na watu. Rangi mwachie mama mkwe achague akishuka kwenye basi. Atafurahi kuulizwa.