Barua kwa mwanangu: Wewe ni nani uwaombee wengine?

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeupata. Unasema kiongozi wa maombi amekuomba uingie kwenye kikundi cha waombezi hapo kanisani, nawe umeshindwa kumjibu kwa sababu unajijua. Kuna wiki zinakatika hujaomba sawasawa, hasira zako bado unapigana nazo, halafu usimame mbele za Mungu kwa ajili ya watu? “Mama, mimi ni nani?” ndivyo ulivyoniuliza.

Nitakujibu kwa habari ya Haruni, ndugu yake Musa, aliyekuwa kuhani mkuu wa Israeli. Soma Kutoka 28 bila haraka. Kuhani mkuu alivaa kifuko kifuani, cha mraba, shibiri moja kila upande, chenye safu nne za mawe, matatu kila safu. Katika kila jiwe lilichorwa jina la kabila moja la Israeli, kwa namna ya kuchora muhuri, lisije likafutika. Mabegani yalikuwapo mawe mengine mawili ya thamani yaitwayo shohamu, majina sita huku na sita huku. Kwa hiyo Haruni alipoingia patakatifu hakuingia peke yake. Watu wake alikuwa nao begani, panapobebwa mzigo, na kifuani, juu ya moyo. Ukitaka kujua maombezi ni nini, mtazame mtu huyo akiingia na majina yale.

Sasa fungua sura ya 32. Haruni huyohuyo ndiye aliyepokea vipuli vya dhahabu vya watu akawatengenezea sanamu ya ndama waiabudu. Musa alipomhoji, akasema aliitupa tu dhahabu motoni, akatoka ndama! Ungetazamia Mungu amtafute kuhani mwingine. Hakumtafuta. Uko mstari katika Kumbukumbu la Torati 9, wa 20, ambao tunaupita mbiombio: Mungu alimkasirikia Haruni hata akataka kumwangamiza, na Musa anasema wakati huo alimwombea Haruni naye. Unaona, mwanangu? Yule aliyeyabeba majina ya wenzake kifuani alikuwa hai kwa sababu kuna mtu aliyelitaja jina lake mbele za Mungu.

Petro naye ni hivyohivyo. Kabla hajamkana Bwana, Yesu alimwambia, “Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike,” yaani isikatike, na papo hapo akampa kazi: akiisha kuongoka, awaimarishe ndugu zake. Aliombewa kabla ya kuanguka, na kazi akapewa kabla ya kuanguka. Petro huyu ndiye baadaye anayewaandikia waamini waliotawanyika kuwa wao ni “ukuhani wa kifalme”. Hakuwaandikia viongozi peke yao. Aliwaandikia wote walioitwa kutoka gizani, nawe umo.

Kwa hiyo uliponiuliza wewe ni nani, jibu langu ni hili: wewe ni mtu uliyeombewa, na bado unaombewa. Waebrania 7:25 inasema Kristo yu hai sikuzote ili awaombee wanaomjia Mungu kwa yeye. Warumi 8 inaongeza kwamba Roho naye hutuombea tusipojua kuomba itupasavyo. Utakapofumba macho mbele ya mtu mwenye shida, huanzishi wewe maombi. Unayakuta yanaendelea, unaungana nayo. Ndiyo maana naumia nikiona mwombezi anafanywa mtu wa daraja la juu, watu wanamwogopa, naye anaanza kuamini kwamba sauti yake ndiyo inayomshtua Mungu. Mpatanishi ni mmoja, Kristo. Sisi wengine tunaingia kwa mlango wake.

Najua utaniletea Yakobo 5:16, kwamba kuomba kwake mwenye haki kwafaa sana. Usiuanzie mstari katikati. Unaanza kwa kusema tuungamiane dhambi zetu, tuombeane, tupate kuponywa. Mwenye haki anayetajwa pale yumo ndani ya watu wanaoungama. Hiyo hasira yako usiifiche, tafuta mkristo mwenzako mnayeaminiana, mwambie, akuombee. Mimi naiombea pia.

Mengine ni ya utaratibu tu, lakini lazima niyaseme. Msianze na orodha ya mahitaji. Katika Matendo 4, Petro na Yohana wametoka kutishwa na baraza la Wayahudi, na kanisa linafungua kinywa kwa kumtukuza Mungu aliyefanya mbingu na nchi na bahari. Wanakaa hapo kwanza. Walipofika kwenye ombi lenyewe, hawakuomba vitisho viondolewe, waliomba ujasiri wa kulinena neno. Naamini ile sifa ndiyo iliyolibadilisha ombi lao. Mtu akitoka mbele za shida yake moja kwa moja kwenda kuomba, ataomba kwa ukubwa wa shida. Akiabudu kwanza, anakumbuka anaongea na nani.

Mtu akikwambia “niombee”, mwombee palepale kama nafasi ipo. Muulize anataka nini, usimkisie. Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya macho ya watu wote, na bado Yesu alimuuliza, “Wataka nikufanyie nini?”

Na siri za watu, mwanangu, hapo nakusihi kabisa. Mtu analeta habari ya ndoa yake mbele ya waombezi, na kabla ya Jumapili imeshazunguka kwenye simu za nusu ya kanisa kwa jina la “hitaji la maombi”. Huo ni umbea, hata ukifungwa kwa amina. Nimeona watu wakihama kanisa kwa ajili hiyo, na sikuweza kuwalaumu. Jina lililo kifuani halipelekwi kwa jirani, linapelekwa ndani, mbele za Mungu.

Basi mpigie kiongozi wako umwambie ndiyo. Lakini kabla hamjaagana, muulize jambo moja: hicho kikundi chenu, chenyewe kinaombewa na nani? Kama hakuna, mwambie mama yako yupo tayari. Nitumieni majina.

Ni mimi mama yako