Ramani yangu ya mvua inatoka nyeupe tupu: nimekosea wapi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Morogoro, naandika programu ya kuonyesha data za ERA5 (hali ya hewa ya dunia nzima iliyokokotolewa kwa modeli, saa kwa saa) kwa Tanzania: mvua, joto na upepo. Natumia Python na xarray, maktaba yake ya kusoma data za gridi, kwenye laptop yenye RAM ya GB 8. Nikikata eneo la Tanzania, ramani inatoka nyeupe tupu. Nisipokata, mashine inaganda. Juu ya hayo msimamizi wangu anataka kila kitu kiwe 3D ili kipendeze. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Tuanze na huo weupe, maana dawa yake ni ya dakika moja.

Latitudo za ERA5 zimepangwa kuanzia 90 kaskazini zikishuka hadi 90 kusini. Wewe bila shaka umeandika slice(-12, -1), ukitoka namba ndogo kwenda kubwa kama tulivyofundishwa wote. Lakini xarray inafuata mpangilio wa faili. Inafika -12, inasonga mbele kuitafuta -1, na huko mbele inakutana na -12.25, -12.5, hivyo hivyo hadi ncha ya kusini. Inakurudishia safu isiyo na kitu, wala hailalamiki. Ukigeuza ikawa slice(-1, -12), Tanzania inatokea. Ila usizoee kugeuza kwa mkono, kwa sababu kesho utafungua faili la chanzo kingine lililopangwa kutoka kusini kupanda kaskazini, na utarudi palepale. Faili likishafunguliwa tu, programu ipange latitudo yenyewe kwa sortby('latitude'), kisha wewe ukate kwa utaratibu mmoja siku zote. Longitudo nazo zina vituko vyao: faili nyingi huhesabu 0 hadi 360 badala ya -180 hadi 180. Kwa Tanzania hutaona tofauti. Siku ukiombwa Afrika nzima, Dakar utaikuta ukingo wa kulia kabisa, ng'ambo ya Pasifiki.

Sasa kuganda. Hapa tupige hesabu kidogo. Gridi ya ERA5 ni ya nyuzi 0.25, yaani nukta 1,440 kwa 721, jumla 1,038,240 kwa dunia nzima. Kila nukta ikichukua baiti 4, saa moja ya kipimo kimoja ni MB 4 na kidogo. Mwaka una saa 8,760. Zidisha: kipimo kimoja, mwaka mmoja, ni kama GB 36, na wewe unataka kuiingiza kwenye GB 8. Tanzania peke yake, kuanzia latitudo -12 hadi -1 na longitudo 29 hadi 41, ni nukta 45 kwa 49. Mwaka mzima wa saa zote hauzidi MB 80. Kwa hiyo kata kwanza, pakia baadaye, na ikiwezekana kata wakati wa kupakua, ili hata bando lako lisiungue bure. Utasikia watu wakikuambia ujifunze Dask na Zarr, zana za kuchakata na kuhifadhi data kubwa vipande vipande. Ni zana nzuri, nazitumia, lakini kwa MB 80 ni kukodi lori kuhamisha kigoda. Zitakufaa siku utakapotaka mfululizo wa miaka 40 wa nukta moja, tuseme Dodoma, kutoka kwenye mafaili yaliyohifadhiwa ramani kwa ramani. Hapo kompyuta inafungua magunia maelfu kwa maelfu ili ichote punje moja kwenye kila gunia, na dawa ni kupanga upya vipande vya faili ili punje za Dodoma zikae pamoja.

Hayo mawili yamekwisha. Ninachokiogopa zaidi ni ramani itakayotoka nzuri, yenye rangi, na namba zake ni za uongo. Hukuniuliza, lakini nitakuambia.

Mvua ya ERA5 iko katika mita. Kwenye faili la saa, unazidisha kwa 1,000 unapata milimita. Kwenye faili la wastani wa mwezi ni mita kwa siku, hivyo unazidisha kwa 1,000 na tena kwa idadi ya siku za mwezi huo. Hili la pili lilinikuta mwenyewe. Nilipeleka ramani ya Aprili kwa wateja, Dar es Salaam ikasoma milimita 6. Mzee mmoja mezani akavua miwani, akaisogelea karatasi, akasema, “Mwanangu, basi Jangwani pamekuwa jangwa kweli.” Tangu siku hiyo, kabla sijachora chochote, programu yangu inaandika namba ya nukta moja ninayoijua, pamoja na kizio chake, halafu ndipo inaruhusiwa kugusa rangi. Fanya hivyo kwa Morogoro: masika ikikujia na milimita tano, simama hapo hapo.

Halafu saa. Data ziko kwa UTC, yaani saa za kimataifa, saa tatu nyuma yetu. Vipimo vya mvua vituoni husomwa saa tatu asubuhi, ambayo ni 06 UTC. Ukijumlisha “siku” kwa tarehe ya UTC, unaikata siku saa tisa usiku wa huku. Kwa Ziwa Victoria hilo ni balaa, maana dhoruba zake nyingi ni za usiku kuelekea asubuhi. Mvua moja inagawanywa siku mbili, kisha unalaumu modeli kwamba hailingani na kituo. Na kila namba ya mvua ya ERA5 ni jumla ya saa iliyoishia kwenye muhuri wake wa muda, kwa hiyo siku ya kituo ni mihuri ya 07 UTC hadi 06 ya kesho yake. Kwenye skrini andika saa za hapa. Mkulima hana shughuli na UTC.

Upepo una mtego wake. Unapewa namba mbili, u na v: u chanya inakwenda mashariki, v chanya inakwenda kaskazini. Hiyo ni njia upepo unakokwenda, wakati watu wa hali ya hewa wanautaja kwa kule unakotoka. Watu wa pwani walishalimaliza jambo hili zamani: kusini ni kunakotoka kusi, kaskazini ni kunakotoka kaskazi. Basi mwelekeo uuhesabu kwa arctan2(-u, -v), na ukisahau hizo alama za kutoa, kusi yako itageuka kaskazi. Jaribio langu ni rahisi. Nafungua Julai, naangalia bahari mbele ya Dar: mishale lazima ipande kuelekea kaskazini. Kisha nafungua mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kikiwa karibu na Mafia. Chini ya ikweta kimbunga huzunguka kufuata saa. Mishale ikizunguka kinyume, ama umekosea alama, ama picha yako imesimama kichwa chini, na hilo linaturudisha kwenye latitudo za mwanzo.

Rangi nitazipitia mbio. Achana na palette ya upinde wa mvua. Njano yake inang'aa katikati, na jicho linaona mpaka ambao kwenye data haupo. Matplotlib yenyewe, maktaba ya kuchorea ya Python, iliiacha ikaweka viridis (zambarau hadi njano) kuwa chaguo la kawaida tangu toleo la 2.0, mwaka 2017. Kwa mvua mimi hutoka nyeupe kwenda bluu iliyokolea. Kwa tofauti na wastani natumia rangi mbili, sifuri ikiwa nyeupe katikati na mipaka ikilingana pande zote. Ukifanya picha zinazotembea, funga mipaka ya rangi mara moja kwa picha zote. Ukiiachia programu iipange kila saa upya, bluu ya saa nne ni milimita 2 na bluu ile ile ya saa tano ni milimita 40.

Na usilainishe sana. Kisanduku cha nyuzi 0.25 ni kama kilomita 28. Unguja nzima ni visanduku vitatu hivi kwa urefu na kimoja na ushei kwa upana. Ukichora kwa contourf, inayopaka rangi kati ya mistari laini, programu itakutengenezea mikunjo maridadi kati ya Nungwi na Makunduchi ambayo modeli haikuwahi kuijua. Chora kwa pcolormesh, visanduku vionekane. Watu watakuuliza mbona ina miraba, na hapo utapata nafasi ya kuwaeleza.

Kuhusu 3D: nchi ina upana wa kilomita zaidi ya elfu moja, na hewa yenye mawingu na mvua ina kina cha kilomita kama 16. Ukiichora kwa uwiano wa kweli unapata chapati. Ukiinua wima ili ionekane, kila wingu linakuwa mnara. Mpe kwanza mkato wa wima: mstari kutoka Tanga hadi Kilimanjaro, urefu upande mmoja, unyevu kwa rangi. Ataona hewa ya bahari ikipanda milima, na pengine ndicho alichokuwa anakitafuta. Akishikilia 3D yake, VAPOR, programu ya 3D ya NCAR, kituo cha Marekani cha utafiti wa angahewa, inapatikana bure na inasoma NetCDF, aina ya faili unayoweza kupakulia ERA5. Mtengenezee wingu lake Ijumaa mchana, ila lisiingie kwenye programu yako.